Nani Atakuambia Hapana? Kucheza Peke Yako kwa Kanuni za Wengi

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkusanyiko wa wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika, ile ya mezani ambapo kila mchezaji humwigiza mtu mmoja wa hadithi, na mwendeshaji husimulia yaliyobaki na kuamua yanayotokea. Naiweka hapa yote, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, waandaaji, na ninyi nyote ambao mifuko yenu inalia dadu kila mkijigeuza kitini: nawasalimu, na nawashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo nusu ya watu humu ndani wanalifanya na nusu nyingine wanalicheka. Kucheza peke yako. Wewe, dadu, karatasi ya mhusika wako, na kiti cha mwendeshaji kitupu. Mnaocheka, chekeni, siwazuii. Lakini hebu tusemezane ukweli: kikundi chenu kimeahirisha kikao mara ngapi tangu hadithi yenu ianze? Nani hapa ana kitabu cha kanuni alichokinunua kwa hamu, akakisoma mpaka jalada la nyuma, na hadi leo hajapata watu watatu wa kukaa naye? Naona mikono. Tena mingine ni ya wale waliokuwa wakicheka.

Basi tuanze. Mtu anayetaka kucheza peke yake huniuliza: nipunguze nini, niongeze nini, nitumie majedwali gani ya kurushia dadu? Maswali mazuri, ila yamewahi. Kabla hujagusa kanuni hata moja, jiulize mwendeshaji alikuwa na kazi gani pale mezani.

Utasema anaeleza mahali. Sawa, lakini hata wewe unaweza kujielezea pango lenye giza, akili unayo. Utasema anawachezesha maadui. Sawa, lakini mbwa mwitu mwenye njaa hahitaji mtu mwenye kipaji cha kumchezesha. Utasema anazijua kanuni. Hapo tusidanganyane; mnawajua waendeshaji wenu.

Kazi yake kubwa ni kusema hapana. Unataka mlango uwe wazi: hapana, umefungwa. Unataka mfalme akuamini: hapana, amesikia habari zako. Unataka mshale wa mwisho umpate jemadari: rusha dadu, tuone. Raha ya mchezo imekaa hapo, kwenye kutaka kitu bila kuwa na hakika ya kukipata. Mwendeshaji akiondoka, hapana yake inaondoka naye. Ukajaribu kuishika mwenyewe, utashindwa, maana kinyozi hajinyoi. Wewe ndiye unayetaka mlango ufunguke, na wewe ndiye unayeulizwa kama umefungwa. Utajibu nini?

Kwa hiyo leo nitalirudia swali moja mpaka mnichoke. Nani atakuambia hapana?

Swali hili ni la zamani karibu sawa na mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, ilitoka mwaka 1974. Mwaka uliofuata Ken St. Andre akatoa Tunnels & Trolls, na mwaka 1976 Rick Loomis akaandika kitabu kidogo kwa ajili ya mchezo huo, Buffalo Castle, cha kuchezwa na mtu mmoja. Unasoma aya, unachagua, unaambiwa nenda aya fulani. Hapo hapana inatoka kitabuni, na kitabu hakikuonei haya. Kiliandikwa kabla yako, kimeshaamua.

Lakini angalieni bei yake. Buffalo Castle ilikubali wapiganaji tu. Wachawi walibaki nje. Kwa nini? Mchawi ana njia nyingi mno. Atataka kupita ukutani, atataka kumlaza mlinzi, atataka kujigeuza, na hakuna mwandishi atakayeandika aya kwa kila hila ya mchawi. Kitabu kinajua kusema hapana kwa sababu kimekunyang'anya nusu ya yale ambayo ungeyaomba.

Halafu kuna suala la kidole. Mwaka 1982 Steve Jackson na Ian Livingstone, wale wa Uingereza, walitoa The Warlock of Firetop Mountain, kitabu chenye aya 400, na vijana wengi mno wakaingia kwenye michezo hii kwa mlango huo. Waliosoma vitabu vya aina hiyo wanajua ninachotaka kusema. Unafika njia panda, unaweka kidole ukurasa ulipo, unachungulia ukurasa unaokwenda, ukikuta umekufa unarudi kwenye kidole. Mnacheka tena! Wengine walikuwa na vidole vinne ndani ya kitabu kimoja. Hapana ilikuwepo, imechapishwa kwa wino, na bado tuliikwepa.

Kidole kile kinatufundisha kwamba hapana itoke nje yako, na ije baada ya wewe kujifunga. Baada, si kabla. Yote nitakayosema kuanzia hapa yanasimama juu ya hilo.

Sasa tuje kwenye ramli.

Wachezaji wa peke yao wana chombo ambacho mimi nakiita ramli, nanyi kiiteni mpendavyo. Unauliza swali la ndiyo au hapana, unapima uwezekano, unarusha dadu, dadu zinajibu. Tana Pigeon aliutengeneza mfumo wa namna hii ndani ya mchezo wake Mythic mwaka 2003, kisha mwaka 2006 akautoa ukiwa kitabu chake chenyewe, cha kuchukua nafasi ya mwendeshaji katika mchezo wowote ule. Shawn Tomkin akaweka wake ndani ya Ironsworn mwaka 2018, na ule ndio rahisi zaidi kuukariri. Unarusha dadu ya mia, yaani mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja. Jambo likiwa karibu hakika, ndiyo inaanzia 11. Likiwa linaelekea, 26. Nusu kwa nusu, 51. Lisiloelekea, 76. Nafasi finyu kabisa, 91. Ngazi tano, basi. Huhitaji kitabu kizima kwa hilo.

Niwaonyeshe inavyokwenda. Tuna mwizi, tumwite Mwanaidi. Usiku huu anataka kuiba barua iliyo ndani ya ofisi ya kamanda wa ngome. Yuko nje ya ua, amejibanza. Swali: je, kuna mlinzi mlangoni? Ngome hii, usiku huu, inaelekea yupo. Kwa hiyo 26 na kuendelea ni ndiyo. Liandike hilo kwanza. Andika kwa kalamu, tafadhali, usiweke kichwani, kwa sababu kichwani kila kitu huhama. Halafu rusha. Imekuja 17.

Hakuna mlinzi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hawakutarajia, kwa hiyo wanauliza tena. Je, amejificha? Je, yuko ndani? Je, kuna mbwa? Wanachimba mpaka wapate jibu walilokuwa nalo tangu mwanzo. Ndugu zangu, huyo ni mtu anayezungumza na kioo, dadu ameziweka mezani kama pambo tu. Swali moja, jibu moja. Ukishajibiwa, songa mbele na jibu lako.

Mwanaidi anasonga. Lakini ngome isiyo na mlinzi inahitaji sababu, na ndiyo na hapana haziwezi kuitoa. Hapo unatumia jedwali la maneno mawili, kitendo na jina. Turushe. Kitendo: kuacha. Jina: deni. Kuacha, deni. Mnaona? Mimi tayari naona. Kwenye benchi pembeni ya mlango kuna taa inawaka bado, na karata zimetandazwa, mchezo haujaisha, upande mmoja umeshaliwa vibaya. Mlinzi ameacha lindo kwa sababu ya deni. Sasa yuko wapi? Mwanaidi anapanda ngazi, anasukuma mlango wa ofisi taratibu, na mlinzi yumo ndani, ana mshumaa mdomoni, anavuta droo za kamanda wake mwenyewe.

Nani aliyetunga hilo? Mimi sikulipanga. Dadu hazijui mlinzi wala deni. Limetokea katikati, na limetokea kwa sababu 17 iliniambia hapana nikaikubali. Ningechimba, ningepata mlinzi aliyesimama mlangoni, yule yule wa kila siku.

Mythic inakwenda mbele kidogo, na hatua hii nawapendekezea. Kila onyesho, yaani kila kipande cha hadithi, kabla halijaanza unasema unachotarajia, kisha unarusha dadu ya pande kumi dhidi ya namba ya vurugu, ambayo iko kati ya 1 na 9. Dadu ikizidi namba hiyo, onyesho linakwenda ulivyotarajia. Isipozidi, ikiwa witiri onyesho linabadilika, ikiwa shufwa linakatizwa na jambo jingine kabisa. Mambo yakikuponyoka namba inapanda, ukiyadhibiti inashuka. Yaani hata mpango wako wa kwenda sokoni kwa amani unaweza kukataliwa. Nani atakuambia hapana? Hata matarajio yako yana wa kuyaambia.

Tahadhari moja kuhusu majedwali, nayo ni maoni yangu, mnaruhusiwa kuyakataa. Majedwali ni matamu kukusanya. Kuna watu wana majedwali ya hali ya hewa, ya harufu, ya majina ya punda, na hawajamaliza onyesho hata moja. Jedwali linalokulazimisha kuamua ni zuri. Jedwali linalokupa kazi ya kurusha tu ni kazi ya karani. Na wanaoniuliza kuhusu programu za kompyuta zinazozungumza, kwamba zikae kwenye kiti cha mwendeshaji: jaribuni, lakini nyingi zina tabia ya kukubali kila unachotaka, na mnajua nitauliza nini.

Tuje kwenye vita. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kanuni za kikundi zinapomuua mtu mmoja.

Kijana mmoja alinijia na karatasi ya mhusika wake, amekasirika. Shujaa wake amekufa kwenye pambano la kwanza, mbele ya mbwa mwitu wanne. Akasema kanuni ni mbovu. Tukakaa tukapiga hesabu. Shujaa ana uhai 12, yaani pointi za madhara anazoweza kubeba kabla hajaanguka. Anapata shabaha mara sita kati ya kumi, upanga wake unatumia dadu ya pande nane, wastani 4.5. Kwa hiyo kila raundi anatoa madhara 2.7 kwa wastani. Kila mbwa mwitu ana uhai 6, anapata mara moja kati ya mbili, anauma kwa dadu ya pande sita, wastani 3.5. Wanne hao kwa raundi moja wanatoa 7. Raundi mbili, 14. Shujaa amekwisha, na kwa wastani hajaua hata mmoja, maana raundi mbili zake ni 5.4 na mbwa ana 6.

Sasa waweke mashujaa wanne wa namna hiyo hiyo. Kwa pamoja wana uhai 48 na wanatoa 10.8 kila raundi. Kundi zima la mbwa lina uhai 24. Raundi tatu, limekwisha. Pambano lile lile, kanuni zile zile! Kanuni hazikuwa mbovu. Zilitungwa kwa watu wanne, na aliyebaki peke yake amepoteza zamu tatu kila raundi, tena ndiye anayebeba meno yote.

Dawa ya haraka ambayo kila mtu huifikiria ni kujichezea wahusika wanne. Inawezekana, ila unaishia kuwa mhasibu wa karatasi nne, na hakuna hata mmoja unayempenda. Mpe shujaa wako mwenzake mmoja, asizidi. Na mwenzake akiambiwa aingie shimoni kwanza, usimwamulie. Uliza ramli kama anakubali. Mtashangaa watumishi wanavyojua kukataa.

Dawa iliyo bora zaidi ninayoijua ni ya Kevin Crawford, kwenye mchezo wake Scarlet Heroes wa mwaka 2014. Hakugusa takwimu za adui hata kidogo. Aligusa namna ya kusoma dadu za madhara. Ikija 1, hakuna madhara. Kuanzia 2 hadi 5, ni pointi moja. Kuanzia 6 hadi 9, pointi mbili. Kuanzia 10 kwenda juu, pointi nne. Pointi hizo zikimpata shujaa, zinakatwa kwenye uhai wake. Zikimpata adui, zinakatwa kwenye ngazi zake, yaani kipimo cha nguvu zake. Adui wa ngazi moja anakufa kwa pointi moja.

Rudisheni wale mbwa mwitu. Dadu ya pande sita ikisomwa hivyo, wastani wake ni pointi 1. Mbwa wanne, nusu wanapata: madhara 2 kila raundi badala ya 7. Shujaa mwenye uhai 12 anasimama raundi sita. Na ikiwa mbwa ni wa ngazi moja, pigo lake la 2 kwenda juu linaangusha mmoja, la 6 kwenda juu lina pointi ya ziada inayomfikia wa pembeni. Juu ya hapo Crawford alimpa shujaa dadu ya nyongeza kila raundi, isiyowagusa maadui waliomzidi ngazi. Kwa hiyo vibwengo vinapukutika, lakini jemadari bado ni jemadari. Nalipenda hili kuliko kumwongezea shujaa uhai tu. Ukimwongezea uhai, pambano linarefuka na linachosha. Hapa pambano linabaki fupi na bado unaweza kufa.

Bado unaweza kufa, nasema. Ila jiulizeni kama kila uhai ukifika sifuri ni lazima iwe kifo. Kwenye kikundi, mmoja akianguka wengine wanambeba. Peke yako nani atakubeba? Andika mapema, kabla ya pambano, na narudia, kabla ya pambano, kwamba ukishindwa litatokea nini: unatekwa, unaporwa, unaachwa ukidhaniwa umekufa, au kweli umekufa. Dadu zichague. Ukisubiri mpaka umeanguka ndipo ufikirie, huruma itakuandikia jibu.

Ni hivyo hivyo kwa mlango uliofungwa. Kikundi kina mtu wa kufungua kufuli, kina wa kuvunja, kina wa kuroga. Wewe una mmoja. Akirusha akashindwa, je, hadithi imeishia mlangoni? Nimeona watu wakirusha mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka mlango umefunguka. Hiyo ni kidole kwenye ukurasa, ndugu zangu, kimebadili nguo tu. Ironsworn inalimaliza vizuri: unarusha dadu ya pande sita, unaongeza uwezo wako, unalinganisha na dadu mbili za pande kumi. Ukizipita zote mbili, umefaulu. Ukipita moja, umefaulu kwa gharama. Usipopita hata moja, hali imebadilika na kuwa mbaya, na hurudii. Adui harushi kitu kamwe; mrusho wako mmoja unasema lako na lake. Mchezo ukikaa hivyo, mtu mmoja anauendesha bila kubadilisha kofia kila dakika.

Kuhusu daftari nitapita haraka. Andika kidogo. Sentensi mbili kwa onyesho zinatosha, pamoja na orodha ya watu na ya mambo ambayo hayajaisha. Ukianza kuandika riwaya utaandika vizuri na utacheza vibaya, kwa sababu mwandishi anapenda mwisho mzuri, na mchezaji anatakiwa auwinde. Lakini yupo mtu aliyeligeuza daftari lenyewe kuwa kanuni: Tim Hutchings, kwenye Thousand Year Old Vampire. Mhusika wako anaishi mamia ya miaka, ila ana nafasi ya kumbukumbu tano tu, na kila moja inabeba matukio matatu. Zikijaa, lipo jambo la zamani litakalotoka. Unachukua kalamu unamfuta mama yake mwenyewe ili apate nafasi ya mfanyabiashara aliyekutana naye jana. Hakuna mwendeshaji hapo, wala ramli. Karatasi imejaa, na karatasi imesema hapana.

La mwisho ni siri, na ndilo gumu kuliko yote. Nani atakuficha jambo ambalo wewe mwenyewe ndiye unayelijua? Ukicheza hadithi ya mauaji, unaweza kuwaandika washukiwa watano bila kumchagua muuaji, kila ushahidi ukampa mmoja alama, na wa kwanza kufikisha alama nne akakabiliwa. Ndipo ramli iseme kama ni yeye. Inafanya kazi. Lakini siri iliyotungwa na mtu mwingine ina ladha ambayo dadu haziwezi kuipika.

Na hili wazee walilijua tangu siku za kwanza. Majira ya kuchipua ya mwaka 1975, kwenye toleo la kwanza la jarida la The Strategic Review, Gary Gygax, mmoja wa watunzi wa Dungeons & Dragons, alichapisha majedwali ya kujichimbia mapango ukiwa peke yako. Unarusha, njia inakunja, unarusha, chumba kinatokea. Toleo lililopanuliwa likaingia kwenye kitabu cha waendeshaji wa mchezo huo cha mwaka 1979, Kiambatisho A. Lakini pale pale 1975 aliona kwamba baada ya muda mapango yatafanana, akashauri wachezaji wabadilishane bahasha zilizofungwa. Mtu mwingine anakuandikia chumba, au mtego, au hazina, anafunga. Wewe unafungua ukifika.

Jamani, tuna watu wangapi humu ndani leo?

Waandaaji wameweka bahasha na kalamu kwenye meza ile karibu na mlango. Kila mmoja achukue moja. Ndani andika chumba kimoja: nani yumo, anataka nini, na nini kitatokea mgeni asipofanya lolote. Juu ya bahasha andika mambo mawili tu, ngazi ya mhusika anayeweza kuingia, na mahali pa kuifungulia, iwe ukumbi, pango, daraja au jahazi. Ifunge, itie kapuni, ondoka na ya mwenzako. Usiichungulie kwenye mwanga. Na nawaomba sana, tusirudi majumbani na majoka matupu.